Afisa maendeleo wa kata, mradi wa shirika au AMCOS: ukimaliza Tengeru uende wapi?

Mtoto wa dada yangu amemaliza diploma pale Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, juzi kanipigia saa nne usiku, "mamdogo shikamoo, nina njia tatu mbele yangu na kila mtu ananivuta kwake." Baba yake anataka serikalini na hataki kusikia lingine. Wenzake aliosoma nao wanamwambia hela iko kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali Arusha mjini. Babu yake kule Uru, mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa tangu ujana wake, anasema mtoto arudi nyumbani, ushirika unakufa kwa kukosa vijana waliosoma. Tuliongea mpaka salio likakata, nikamwahidi nitamwandikia kirefu, basi naandika hapa ili na wengine walio njia panda kama yeye wasome.

Zote tatu nimezipita. Nilianza kwa kujitolea ofisi ya kata mwaka na nusu, nikaenda shirika moja Arusha miaka minne, na sa hivi ni katibu meneja wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku upande wa Moshi. Kwahiyo ninachokuambia nimekiona kwa macho, ila na wewe una macho yako.

Kazi yenyewe ikoje

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mtu wa kila kitu. Asubuhi una kikundi cha vijana kinataka mkopo wa halmashauri, saa sita mtendaji anakuita kuna mama kafukuzwa kwenye nyumba na mashemeji hata arobaini haijafika, mchana kuna walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, wanalalamika majina, jioni unaandika taarifa ya robo mwaka. Kwenye daftari za Tengeru umesoma kwamba kazi yako ni kuwasaidia watu waone fursa na vikwazo vyao wenyewe wapange mipango yao, na kweli ndo moyo wa kazi, lakini ukifika kata utakuta sehemu kubwa ya mwaka wako inaliwa na ile asilimia kumi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha kwa sababu hela zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, ikarudi 2024 na utaratibu mkali zaidi, maombi yanapita kwenye mfumo, yanakaliwa na kamati ya kata, yanapanda halmashauri, na wewe ndo unatumwa kwenda kuona hao kuku kama kweli wapo.

Ngoja nikuambie kuhusu hao kuku. Siku moja nilimsindikiza afisa niliyekuwa chini yake, pembeni ya Arusha huko, kikundi cha akina mama watano, mradi wa kuku wa mayai. Tukafika banda limefagiliwa vizuri, kuku wamejaa. Yule dada akachuchumaa, akaangalia miguu ya kuku muda mrefu, hakusema neno. Na mimi nikaangalia, nikaona nusu ya kuku wana utepe mwekundu mguuni na nusu hawana. Akauliza kwa upole tu, "mama, hawa wenye utepe ni wa nani?" Kimya. Mmoja akaangalia chini, machozi yakaanza. Kumbe vifaranga wao wengi walikufa kwa kideri wiki ya tatu, wakaogopa kusema, wakaazima kuku wa jirani kwa siku ya ukaguzi. Yule dada hakugomba, hakuandika vikundi hewa kwenye taarifa, alimpigia mtu wa mifugo palepale akapanga aje awafundishe chanjo, alafu akakaa nao wakapanga upya marejesho na akaandika ukweli wote kwa mkurugenzi. Njiani akaniambia wangewachanja mapema kabla kideri hakijaingia, banda lingepona. Yaani mpaka leo nikisikia mtu anasema maafisa maendeleo hawana kazi namkumbuka yule dada amechuchumaa kwenye vumbi anahesabu miguu ya kuku.

Kwenye shirika kazi imeshakatwa vipande kabla hujafika. Kuna malengo, kuna viashiria, kuna bajeti, kuna tarehe ya mwisho, na wewe umepewa kipande chako. Mfano mimi nilikuwa na vikundi vya kuweka na kukopa, vile VICOBA, kata saba, nilitakiwa nifikishe idadi fulani ya wanawake kufikia Juni. Uzuri wake utajifunza vitu ambavyo kwingine hakuna mtu wa kukufundisha, kuandika andiko la mradi, kusoma bajeti mstari kwa mstari, kukusanya takwimu kwa simu na programu ya KoboToolbox, kutunza risiti kwamba hata chai ya shilingi elfu moja ina karatasi. Hiyo nidhamu ya kumbukumbu ndo inanilinda leo kwenye chama. Ubaya wake utaona shida kubwa iko pembeni ya mradi na huruhusiwi kuigusa. Nilikuwa na kikundi ambacho shida yao ya kweli ilikuwa maji, wanatembea masaa kutafuta maji alafu mimi nawafundisha elimu ya fedha, nikiwaambia wakubwa jibu ni kwamba maji hayamo kwenye andiko.

AMCOS je? Unaendesha biashara ya watu ambao ndo mabosi wako, na unaishi nao, unakutana nao kanisani, unakutana nao msibani. Msimu ukifunguka karibu na Julai unapokea kahawa, unapima, unaandika stakabadhi, unalipa malipo ya awali, kahawa inakwenda kukobolewa, inakwenda mnadani, bei ikijulikana unarudi kwa mwanachama na malipo ya pili. Katikati hapo kuna pembejeo, kuna bodi, kuna afisa ushirika, kuna makisio na ukomo wa madeni ambao lazima mkutano mkuu uupitishe na Mrajis wa vyama vya ushirika aidhinishe, kuna ukaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama, na sasa kuna kuingiza kila kitu kwenye MUVU, mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika. Ukipenda mahesabu na ukapenda watu hapa utafurahi. Ukipenda kimoja tu utateseka.

Kuingia

Serikalini mlango ni mmoja, Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, unajaza, unasubiri tangazo, usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita usaili wa mahojiano, na hata ukifaulu nafasi zikawa zimejaa unawekwa kwenye kanzidata unasubiri. Nawajua waliopata ndani ya mwaka na nawajua waliokaa miaka mitano. Kwenye mashirika mlango ni kujitolea na kujuana kwa kazi, namaanisha mtu alikuona fildi unafanya vizuri akakukumbuka nafasi ilipotoka, na Kiingereza cha kuandika lazima kiwe kimenyooka maana taarifa zote zinakwenda nje. AMCOS na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) nyingi zinatangaza kwenye ubao wa ofisi na kanisani au msikitini, mara nyingi waombaji wenye elimu yako hawafiki hata watano, kwahiyo ndo mlango ulio wazi kuliko yote na vijana wanaupita kama hawauoni.

Hela

Hapa nitasema wazi kwa sababu watu wanaficha. Kujitolea kata nilikuwa napewa nauli, tena sio kila mwezi. Shirika nilianza na laki nane mkononi nikamaliza na milioni moja na laki mbili, ukiongeza posho ya kulala fildi ilikuwa hela nzuri sana kwa mtu wa umri wangu. AMCOS napata laki nne, na hiyo inatokana na ushuru ambao wanachama wenyewe wamekubali ukatwe kwa kila kilo, kwahiyo kilo zikishuka chama kinashuka na mimi nashuka. Mwaka mvua ikiharibu maua, wewe na mkulima mnalia pamoja.

Serikali iko katikati lakini ina vitu ambavyo kwenye mshahara wa mkononi huvioni. Mafao ni PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wewe unachangia asilimia 5 na mwajiri 15, wakati kwenye shirika au chama mko NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na kawaida ni 10 kwa 10, kwahiyo kwa mshahara unaolingana mtumishi anabaki na zaidi mfukoni. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 mpaka 500,000. Benki inamkopesha mtumishi bila maswali mengi, huko kwingine utaulizwa mkataba wako unaisha lini. Na kama ulisoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu kumbuka popote utakapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla hujaiona, wengi wanapiga hesabu ya maisha wakisahau hiyo.

Uhakika

Mwisho wa Januari 2025 nilikuwa ofisini Arusha, Njiro, ilikuwa Jumatatu tunapanga safari ya Longido, gari limeshawekwa mafuta. Bosi akatoka chumbani kwake akiwa ameshika simu, akasema tushushe mizigo. Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje tangu tarehe 20, na barua ya kusimamisha kazi mara moja ilikuwa imefika. Tulidhani wiki mbili tatu. Ikawa ndo mwisho, na Julai mosi mwaka huohuo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Tulikuwa wafanyakazi kumi na tisa kwenye ule mradi, wakabaki wanne. Kilichoniuma zaidi ya mshahara ni vikundi vyangu, kata saba, hatukuruhusiwa hata kwenda kuwaaga kwa gari la mradi, nilipanda kifodi kwa hela yangu nikaenda kwa vikundi vitatu vilivyokuwa karibu, wengine nikawapigia simu. Mwenyekiti wa kikundi kimoja aliniuliza, "sasa dada, na sanduku letu la akiba nani atakuja kulifungua?" Nikamwambia mama funguo tatu mnazo nyinyi wenyewe, fungueni. Walifungua. Mpaka leo wanakutana kila Alhamisi, na hiyo ndo kazi ninayojivunia kuliko yoyote niliyofanya pale.

Sisemi mashirika yamekufa. Arusha bado yako mengi na mengine yana wafadhili tofauti tofauti, hayo ndo ya kuomba. Ukiitwa kwenye usaili uliza bila aibu mradi unaisha lini na wafadhili ni wangapi. Shirika lenye mfadhili mmoja ni nyumba yenye nguzo moja.

Serikalini kuna mwaka mmoja wa majaribio ukithibitishwa umekaa, unaweza kufika miaka 60 ya kustaafu. Ila uhakika wa ajira sio uhakika wa mahali, unaweza kupangiwa Kakonko au Nanyumbu na kuhamia huku kukachukua muda. Kama una mchumba ongeeni hilo mapema. Na kwenye ofisi za kata uhakika wa mshahara upo lakini uhakika wa vitendea kazi haupo, afisa niliyekuwa naye alikuwa na pikipiki ya ofisi na mafuta ya wiki moja kwa mwezi.

AMCOS wanakuondoa bodi, na bodi inaondolewa na mkutano mkuu. Nimeona meneja kaondoka asubuhi moja, nimeona mwingine kakaa miaka ishirini.

Sasa uongozi

Umeniambia unataka kuwa kiongozi wa maendeleo, hilo ndo neno ulilotumia, kwahiyo hapa soma taratibu.

Serikalini ngazi ipo wazi lakini ndefu, kata, halmashauri, mkuu wa idara, mkoa, wizara. Utaanza kuamua mambo makubwa ukiwa na mvi. Ukivumilia utakuja kusaini mambo ya halmashauri nzima, hakuna shirika litakalokupa ukubwa huo. Kwenye mashirika unapanda haraka, umri wa miaka thelathini unaitwa meneja wa mradi, ila maamuzi ya hela ifanye nini mara nyingi yameshafanyika mbali kabla jina lako halijaandikwa mlangoni. Kwenye ushirika unaongoza siku ya kwanza, na unaongoza mbele ya watu wanaojua kila kitu kuhusu familia yako.

Mkutano mkuu wangu wa kwanza nilisimama kusoma taarifa ya makusanyo, wanachama zaidi ya mia moja, wazee wengi, nimevaa suti nimejiandaa. Nikasoma, nikamaliza, wakapiga makofi kidogo. Akasimama bibi mmoja, mwembamba, ana kadaftari ka shule kamefungwa na kamba ya mgomba, akakafungua polepole akasema, "mwanangu, hapa kwangu kilo zangu ni 143, kwako umenisomea 134." Ukumbi ukanyamaza. Ningeweza kusema tutafuatilia, mwenyekiti alishaanza kunikonyeza nimalize hivyo. Nikaomba mkutano usubiri, nikaenda kabatini, nikatoa vitabu vya stakabadhi nikakaa palepale mbele yao nafungua kipande kimoja kimoja, dakika kama ishirini, watu wananiangalia. Ni 143. Niligeuza namba wakati wa kuingiza. Nikasimama nikasema bibi yuko sahihi na mimi nimekosea, nitapitia majina yote upya na wiki ijayo nabandika kwenye ubao kila mtu ajikague. Nilipopitia nikakuta wengine wawili. Wote walilipwa.

Mwaka uliofuata kuna wanachama walirudi kuleta kahawa kwetu waliokuwa wanauzia walanguzi usiku. Sijui kama ni kwa sababu ya ile siku, ila mmoja wao aliniambia "tulisikia huko sa hivi mnafungua vitabu."

Babu yako anajua anachosema. Wakulima wa Kilimanjaro walianza umoja wao wa kahawa mwaka 1925, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na nyumba nyingi huku mtoto wa kwanza kwenda shule alisomeshwa na debe la kahawa. Alafu 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudi kwa sheria ya 1982, lakini wazee wanasimulia kama kifo, imani haikurudi yote na wizi wa viongozi wengine uliofuata ukamalizia. Sheria ya 2013 imeleta Tume ya Maendeleo ya Ushirika na usimamizi umekaza. Kinachokosekana ni mtu kijana anayeweza kukaa na bibi mwenye kadaftari na akakaa pia na benki kuongea mkopo wa msimu. Ndo maana naona nafasi kwako hapo.

Kuhusu kuendelea na shule

Hili fupi. Ukibaki Tengeru kwa digrii utazidi kuiva kwenye jamii, jinsia na mipango shirikishi, inakupeleka vizuri serikalini na kwenye mashirika. Ukija Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kile kilichoanza 1963 kama chuo cha ushirika kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine 2004 na kikawa chuo kikuu kamili 2014, kuna maendeleo ya uchumi wa jamii, kuna uhasibu na ushirika, kuna huduma ndogo za fedha, utatoka unasoma mizania. Mimi ningekushauri uje huku kwa sababu upande wa watu Tengeru wameshakujenga, upande wa hesabu bado. Lakini fanya kazi kwanza hata mwaka mmoja, digrii itakuingia tofauti.

Ningekuwa wewe

Kama nyumbani kuna wadogo wanasubiri ada na mama anategemea, serikali, wala usione aibu kumsikiliza baba yako. Kama unapenda kuandika, Kiingereza kiko vizuri, huna mtu anayekutegemea bado, nenda shirika lenye wafadhili zaidi ya mmoja, kaa miaka mitatu, weka akiba kila mwezi kama vile kesho unashushwa kwenye gari, chukua ujuzi uondoke nao. Kama unataka kuongoza kweli na unaweza kuishi na laki nne ukila ndizi za shamba la babu, njoo ushirika.

Na kwa binti yeyote anayesoma, popote utakapokwenda uliza fildi mnarudi saa ngapi na mnalala wapi, hilo ni sharti la kazi, usione unasumbua.

Kwako wewe nilivyokusikia kwenye simu, nakuona kwenye ushirika, ila jaza Ajira Portal leo maana ule mstari ni mrefu na kusubiri ukiwa kazini ni bora kuliko kusubiri ukiwa sebuleni kwa baba yako. Nimeshaongea na yule dada wa kuku, sasa yuko halmashauri, amekubali umfuate siku mbili kwenye vikundi vyake, vaa viatu vya kutembea. Ukitoka kwake panda Coaster uje Moshi, ni kilomita themanini tu, nauli natuma kesho. Mzani wetu unafunguliwa saa moja asubuhi, utakaa pembeni yangu unaandika kilo, na ukishaandika msomee mwenye kahawa kwa sauti kabla hajaondoka.